Kuchagua Multimita ya Kupimia Betri ya Motokaa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Hapana mtu asiyejua maneno haya mawili: "Betri imekufa." Motokaa ikikataa kuwaka asubuhi, dereva huyasema, utingo huyasema, na mpita njia naye huyasema. Aghalabu yasemwa kabla mtu yeyote hajapima kitu. Betri mpya ni ghali, na wengi wanunuao hununua kwa kukisia. Chombo cha kuondoa kisio hilo ni multimita, nacho chapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme kwa sehemu ndogo ya bei ya betri. Walakini multimita ni za namna nyingi, na si kila moja yafaa kwa kazi hii. Nataka kueleza jinsi ya kuichagua, kuijaribu kabla ya kulipa, na kuitumia bila hatari.

Multimita ni chombo kimoja kinachofanya kazi ya vyombo vitatu tunavyovijua katika maabara: hupima volti, hupima ampea, na hupima ukinzani kwa omu. Chombo cha kwanza cha namna hii kilichopata sifa kilitengenezwa Uingereza na Donald Macadie, fundi wa idara ya posta, kikaanza kuuzwa mwaka 1923. Kiliitwa AVO, kwa herufi za kwanza za ampea, volti na omu. Betri yenyewe ina umri mkubwa zaidi, kwa maana Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi na tindikali mwaka 1859, na betri za motokaa zetu za leo bado ni za ukoo huo.

Volti moja tu ya tofauti

Kabla ya kuchagua kipimo, sharti tujue tunapima nini. Betri ya motokaa iitwayo ya volti 12 ina vyumba sita ndani yake, na kila chumba, kikiwa kimejaa umeme, hutoa volti 2.1 hivi. Mara sita, yapata volti 12.6. Betri ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiki, volti zake hueleza ni kiasi gani cha umeme kimebaki:

Volti 12.6 au zaidi kidogo: imejaa.
Volti 12.4: robo tatu.
Volti 12.2: nusu.
Volti 12.0: robo.
Chini ya volti 11.9: ni tupu.

Betri nyingine za kisasa zilizofungwa kabisa husimama juu zaidi kidogo, hata 12.8, lakini mpango ni ule ule.

Msomaji na atazame hesabu hizo vizuri. Tangu betri iliyojaa mpaka betri iliyo tupu, tofauti haifiki volti moja. Robo nzima ya umeme wa betri hujificha katika sehemu mbili za kumi za volti. Hilo ndilo jambo kubwa la makala haya, na kila nitakalolisema juu ya kuchagua latoka hapo. Anayenunua multimita kwa ajili ya betri ya motokaa ananunua uwezo wa kuona tofauti ndogo. Mambo mengine yote yaliyoandikwa juu ya sanduku yaja nyuma ya hilo.

Namna tatu za mita

Namna ya kwanza ni mita ya mshale. Hii ni nzuri kwa kufundishia, na mtu hupenda kuona mshale ukipanda na kushuka. Lakini nyingi katika hizo zina upeo wa volti 10, kisha zaruka mpaka volti 50. Betri yetu ina volti 12, basi hatuna budi kutumia upeo wa 50. Mita nyingi za mshale huruhusiwa kukosea asilimia 3 ya upeo mzima. Asilimia 3 ya 50 ni volti 1.5. Maana yake betri iliyojaa, yenye volti 12.6, yaweza kuonekana ina volti 11.1, na mwenyewe akaitupa. Kosa la mita limekuwa kubwa kuliko tofauti yote tuliyotaka kuiona. Hata voltimita ya maabara yetu, ukiiweka katika upeo wa volti 15, mstari mmoja ni nusu volti. Yafaa kwa somo, haifai kwa gereji.

Namna ya pili ni mita ya tarakimu, inayoandika namba katika kioo. Hata zile ndogo za rangi ya njano ambazo mafundi wengi wanazo huhesabu mpaka 1999. Ukiiweka katika upeo wa volti 20, itasoma mpaka 19.99, yaani itaonyesha sehemu moja ya mia ya volti. Kwa kazi yetu hiyo yatosha kabisa.

Namna ya tatu ni mita ya koleo, ambayo hukumbatia waya na kupima mkondo bila kuukata. Mashine ya kuwashia injini, yaani stata, huvuta ampea mia na zaidi, na multimita ya kawaida hukomea ampea 10. Kwa hiyo fundi wa umeme wa magari hufaidika sana na koleo. Lakini hapa pana mtego. Mita nyingi za koleo za bei nafuu hupima mkondo wa umeme geu tu, kama ule wa nyumbani, na umeme wa betri ni wa mkondo mnyoofu. Anayetaka koleo la motokaa na ahakikishe kwamba laandika ampea za mkondo mnyoofu, kwa alama ya mstari mzima wenye vistari vidogo chini yake. Kwa mwenye gari moja, namna ya pili yatosha, wala hana haja ya koleo.

Mambo ya kutazama dukani

Jambo la kwanza ni tarakimu mbili baada ya nukta, katika upeo unaoichukua volti 12. Mita ionyeshayo 12.6 tu haitoshi vizuri, na ionyeshayo 12 peke yake haina faida kwetu.

Jambo la pili ni usahihi. Katika karatasi inayokuja na mita hupatikana maandishi kama haya: asilimia 0.5, kujumlisha 2. Maana yake ni kwamba mita yaweza kukosea asilimia nusu ya namba inayosomwa, na tena tarakimu ya mwisho yaweza kukosea kwa mbili. Tufanye hesabu kwa volti 12.60. Asilimia nusu ni 0.063, na tarakimu mbili za mwisho ni 0.02, jumla 0.083. Basi ukweli uko kati ya 12.52 na 12.68. Kosa hilo ni dogo kuliko robo ya betri, nasi twaweza kulivumilia. Lakini mita yenye asilimia 2 yaweza kukosea robo volti, na robo volti yazidi robo ya betri. Hiyo mwachie muuzaji.

Jambo la tatu ni fyuzi. Mita nyingi ndogo zina tundu la ampea 10 lisilo na fyuzi, na pembeni yake limeandikwa UNFUSED, maana yake halina kinga. Mita yenye fyuzi katika kila tundu la ampea ni bora, hata ikizidi bei kidogo. Nitaeleza sababu mbele.

Jambo la nne ni nyaya zake. Zikamate na kuzikunja. Waya mgumu kama plastiki ya ndoo hupasuka upesi. Waya laini hudumu. Ncha zake ziwe zimechongoka, ili zipenye kutu.

Jambo la tano, kwa mwenye uwezo, ni kitufe cha kushika kipimo cha chini kabisa. Wakati stata inapozunguka, volti huanguka na kurudi upesi, na jicho laweza kukosa kuona. Mita yenye kitufe hicho huikumbuka namba ya chini. Si lazima, lakini ni msaada.

Muuzaji atasifu mengine: kupima joto, kupima transista, kusoma volti 1000. Kwa betri ya volti 12 hayo hayaongezi kitu. Ikiwa lakini mita hiyo hiyo itatumika pia kupima umeme wa nyumbani, basi tazama alama ya usalama ya CAT II au CAT III pamoja na volti zake, kwa kuwa umeme wa volti 230 huua.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Usiwe na haya kumwomba muuzaji ruhusa ya kuijaribu. Iweke katika omu, upeo wa chini, kisha gusanisha ncha mbili: yapasa ionyeshe karibu na sifuri. Tikisa nyaya, namba zikirukaruka, nyaya ni mbovu. Kisha chukua jiwe jipya la tochi la alkali: lapaswa kuonyesha volti 1.5 au 1.6 hivi. Kama unayo mita nyingine inayoaminika, pima betri moja kwa mita zote mbili, ukalinganishe. Mwisho, tazama kama betri ndogo iliyo ndani ya mita yabadilishwa kwa urahisi. Betri hiyo ikichoka, mita huanza kusema uwongo, na mara nyingi husoma juu kuliko ukweli. Alama ya betri ikitokea katika kioo, usiamini namba yoyote mpaka umeibadilisha.

Vipimo vitatu

Ukisha kuwa na mita, weka waya mweusi katika tundu la COM na mwekundu katika tundu la volti. Zungusha swichi mpaka 20, upande wa volti za mkondo mnyoofu. Ncha nyekundu iguse kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, nyeusi kile cha kutoa. Ukizibadilisha hutaharibu kitu. Mita itaandika alama ya kutoa tu.

Kipimo cha kwanza ni betri iliyolala. Pima asubuhi, kabla gari halijawashwa. Kama gari limetoka safarini punde, volti huwa za juu kwa muda tu. Washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, ungoje dakika chache, ndipo upime. Namba za hapo juu zitakuambia hali yake. Ukiona volti 10.5 hivi, na kuchaji hakusaidii, yaelekea chumba kimoja kati ya sita kimekufa.

Kipimo cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mwenzako apige stata, nawe utazame mita. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 katika joto la nyuzi 20 hivi. Ikiwa ilisoma 12.6 katika kulala, kisha ikaanguka mpaka 7 au 8, hiyo imechoka ndani, ijapokuwa usoni yaonekana mzima. Lakini kabla ya kuihukumu, fanya jambo moja zaidi: weka ncha moja juu ya kichwa cha betri chenyewe, na nyingine juu ya kibanio cha waya kilichokishika, kisha stata ipigwe tena. Ikionekana nusu volti au zaidi, umeme wapotea katika kutu iliyo kati yao. Dawa yake ni maji ya moto, brashi na spana, wala si betri mpya.

Kipimo cha tatu ni injini ikinguruma. Hapo altaneta, mashine ndogo inayozungushwa na injini, yapaswa kuwa inairudishia betri umeme. Mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi, na betri itachemka na kukauka.

Faida ya kipimo hiki cha tatu naijua kwa uchungu. Mjomba wangu hubeba viazi kwa pikapu kutoka mashambani Njombe mpaka soko la Makambako. Mwaka 2024, mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali, gari lilikataa kuwaka alfajiri. Fundi mmoja akasema betri imekufa, bila kupima. Mjomba akanunua mpya, na ile ya zamani akaiacha dukani kama chakavu. Baada ya majuma matatu gari likalala tena. Akaambiwa betri aliyouziwa ilikuwa mbovu, akanunua ya pili. Fedha ya betri hiyo ya pili ilitoka katika akiba aliyoniwekea kwa godoro, sare na nauli, nami nikaripoti shuleni majuma mawili baada ya wenzangu. Gari lilipolala mara ya tatu, fundi mwingine alikuja na mita ndogo ya njano. Aliliwasha kwa kubusti, akapima injini ikinguruma, akasoma 12.1. Kaboni za altaneta zilikuwa zimechakaa, zikawa zinagusa leo na kuacha kesho. Zilibadilishwa siku ile ile kwa fedha kidogo. Kipimo kile kilichukua muda usiozidi dakika moja.

Kwa malori na mabasi yenye volti 24, betri ni mbili zilizofuatanishwa. Ukipima zote pamoja katika upeo wa 20, mita itaandika 1 upande wa kushoto, maana yake imezidiwa. Afadhali upime kila betri peke yake katika upeo huo huo wa 20, na hapo utaijua iliyo dhaifu.

Mambo ya hatari

Usipime kamwe ampea kwa kugusa vichwa viwili vya betri. Katika kupima ampea, mita haina ukinzani wa maana, basi ni kama kuunganisha vichwa hivyo kwa kipande cha waya. Ikiwa tundu lina fyuzi, fyuzi itakatika, nawe utashukuru. Ikiwa halina, nyaya zitayeyuka mkononi. Hii ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza.

Ampea hupimwa kwa kuiweka mita katikati ya njia ya umeme. Kwa mfano, gari likiisha chaji usiku bila sababu, huondolewa waya wa upande wa kutoa, na mita huwekwa kati ya waya huo na betri, swichi zote za gari zikiwa zimezimwa. Motokaa nyingi hupaswa kuvuta chini ya sehemu 50 za elfu za ampea. Taa ndogo ya wati 5 iliyosahauliwa huvuta ampea 0.4 hivi, na kwa siku nzima hunywa ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa nusu baada ya siku tatu. Mita ikiwa katika hali hiyo, mtu asithubutu kupiga stata, kwani ampea za stata zitapita ndani ya mita.

Tena, betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Usivute sigara karibu wala kuwasha kiberiti. Vua pete na saa ya chuma. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja.

Mwisho

Multimita haielezi kila kitu. Haiwezi kuonyesha betri itadumu miezi mingapi, wala haina nguvu ya kuivutia betri mzigo mkubwa. Stata ndiyo mzigo wetu. Lakini kwa vipimo vitatu vya volti, mwenye gari hujua kama aende kwa muuza betri, kwa fundi wa altaneta, au achukue brashi tu.

Muhula huu, kwa idhini ya Mwalimu wa Fizikia na ya dereva, sisi wanafunzi watatu tunapima betri ya gari la shule kila Jumamosi asubuhi na kuandika katika daftari. Gari hilo ndilo linalowapeleka wagonjwa wetu hospitali usiku, basi halifai kulala. Majuma matatu ya kwanza tuliandika 12.61, 12.58 na 12.60. Juma la nne tukaandika 12.27. Dereva alitafuta, akaikuta taa ya ndani inawaka nyuma ya kiti cha mwisho. Betri ikachajiwa siku ile ile, na juma la tano tukaandika 12.59.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye kupenda kujifunza kupima, na aje nyuma ya karakana Jumamosi saa mbili asubuhi. Twahitaji watu wawili wa Kidato cha Tatu watakaoishika kazi hii sisi tutakapoondoka.